Ya Mwisho Ni Yako

Siku hiyo tulikuwa sita. Naanza na watu ili baadaye mtu asiseme niliongeza au nilipunguza. Alikuwepo mwenyewe, mpiga picha, amekaa kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba yake, upande wa juu wa soko la Keumbu, uso ameuelekeza kwenye jua. Alikuwepo Kwamboka, mke wa mtoto wake wa kwanza, ndiye anayempikia. Alikuwepo Kemunto, binti wa Kwamboka, amemaliza shule na anangoja kazi. Alikuwepo Ondieki, jirani yake na mzee wa kanisa, ambaye alikuja kumwombea akabaki kunywa chai. Alikuwepo Bochaberi kutoka Birongo. Huyu si ndugu yao wala si ndugu yangu, alikuja kwa sababu ya bahasha aliyokuwa ameificha kifuani, ndani ya nguo. Wa sita ni mimi, niliyemfagilia studio na kumwandikia majina miaka kumi na saba.

Kuna wa saba. Nyanchama, mke wake, alikuwa amezikwa zamani pale chini karibu na migomba. Lakini sote tulikuwa hapo kwa sababu yake, kwa hiyo namhesabu.

Jina la mpiga picha sitaliandika. Nalijua, na nalijua la baba yake na la babu yake pia. Lakini Keumbu yote ilimwita Mpiga Picha, hata mchungaji akiwa mbele ya kanisa, na yeye alikuwa akisema kwamba jina ni la wale wanaosimama mbele ya kamera, wa nyuma halimsaidii. Basi na nimwache hapo nyuma.

Alikuwa mtu mrefu aliyejikunja. Miaka yote ya kuinama kwenye kamera ilimfanya ainame hata akisalimia, ukadhani ni heshima. Shati lake lilikuwa jeupe siku zote na mfuko wa kushoto umelegea kwa kubeba mikanda ya filimu. Hakupenda kelele. Mtoto akilia studio hakumwonyesha mdoli wala kumpigia makofi kama wapiga picha wa Daraja Mbili walivyofanya. Alikaa chini sakafuni, akamngoja. Mama wa mtoto akisema, "Mzee, nitachelewa gari," alijibu, "Gari litarudi kesho. Huu uso hautarudi."

Ubaya wake mkubwa ulikuwa majina. Sura hakusahau, hata kovu la kichwani alilikumbuka, lakini jina lilimtoka kabla hujafunga mlango. Siku moja nilikuwa nje ya studio nauza ndizi, mume wangu amekufa mwaka huo na watoto wangu wakiwa wadogo, nikasikia kelele ndani. Mama mmoja wa upande wa Nyamira alikuwa amefungua bahasha ya harusi ya binti yake akamkuta bwana harusi asiyemjua.

"Huyu ni nani?"

"Si mkwe wako, mama?"

"Mkwe wangu ana masikio! Huyu masikio yake yako wapi?"

Watu walicheka mpaka wa duka la mbolea akatoka kuangalia. Mimi nikanyosha shingo mlangoni nikasema, "Huyo ni Makori wa Bosire. Alioa Birongo Jumapili ile ya mvua. Huyo anayemshikia mwavuli ni shangazi yake, Bosibori."

Mpiga picha akanigeukia. "Umesoma?"

"Mpaka darasa la tatu."

"Unaweza kuandika jina?"

"Polepole."

"Polepole inatosha."

Hivyo ndivyo niliacha kuuza ndizi. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufungua mlango, na picha zikirudi kutoka mjini Kisii kusafishwa, kuandika nyuma yake kwa penseli majina ya walio ndani. Niliandika wa katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, aliyelipia na watu wake. Waliopita nyuma na ndoo sikuwaandika.

Siku moja, hapakuwa na wateja, alinipa kamera. "Shika. Usipige, haina filimu. Angalia tu." Wiki nzima nilitembea Keumbu na kamera tupu jichoni, watu wakinicheka. "Mama Kerubo, unatupiga?" "Ndiyo, simama vizuri!" Nikirudi ananiuliza swali moja tu: "Mwanga ulitoka wapi?" Mwanzoni sikujua. Mwanga ni mwanga, unatoka juu. Alinikatalia chai mpaka niseme. Hata nikila, kijiko kiko mdomoni, ananiuliza, "Mama Kerubo, sasa hivi, unatoka wapi?"

Halafu siku moja nikarudi nyumbani kabla jua halijatua, na mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni akimenya ndizi. Mwanga uliingia kutoka upande, chini chini, kupitia moshi. Nikaona mikono yake. Gundi ya ndizi ilikuwa imeingia kwenye nyufa za vidole ikawa nyeusi, kama mistari iliyochorwa na kalamu. Nilikuwa nimekaa na huyo mama miaka kumi na moja. Nilikuwa nimekula kutoka mikono hiyo, nimegombana na mikono hiyo. Sikuwa nimeiona.

"Unaniangalia nini?" akaniuliza. "Nimekufa?"

Kutoka hapo mambo yaliniharibikia. Niliona kanisani kwamba jirani yangu mmoja hukaa upande wa kushoto kila Sabato kwa sababu shavu la upande ule limevimba, na wiki nyingine ni jicho. Niliona kwamba Kerubo wangu anacheka kwa mdomo tu. Niliona majani ya chai mgongoni mwa watoto, vikapu vikubwa kuliko wao, vitu nilivyopita kila siku nikisalimia. Nikamwambia mpiga picha, "Umeniharibia macho. Sipiti sokoni kama zamani."

Akasema, "Ni ugonjwa. Mimi ninao, sijapata dawa."

Na alichonifundisha zaidi ya mwanga ni pembeni. "Wa katikati wamejipanga," alisema. "Wameoga, wamefunga tai. Macho yako yaanze pembeni." Kwenye mazishi ndiyo alifanya hivyo zaidi. Kwetu mtu akizikwa, jeneza huwekwa uani na watu huitwa kwa makundi kupigwa picha nalo: wakwe, wajukuu, watoto wa dada, wanawake walioolewa boma hilo, wafanyakazi wenzake. Mpangilio huo aliujua kuliko wazee wenyewe. Kundi likisimama, yeye alisubiri, mpaka yule wa mwisho upande wa kushoto aache kujifanya. Hakuwahi kulia mazishini. Lakini akirudi aliifuta kamera kwa kitambaa laini, muda mrefu, na hakugusa chakula mpaka jioni.

Hapa sasa ndipo alikuwa watu wawili. Huyu aliyenifundisha kuangalia pembeni alikuwa na makasi kwenye droo. Picha zikirudi kutoka Kisii, kabla mteja hajaja, alizikata pembeni. "Mteja anataka watu wake," alisema, "hataki ndoo na miguu ya kuku." Vipande vilianguka sakafuni, mimi nikavifagia. Vilikuwa na viwiko, na sketi, na nusu ya uso. Vingi vilikuwa Nyanchama.

Kwa sababu Nyanchama alikuwa kila mahali. Akienda kupiga harusi, mke wake alimfuata kumbebea mfuko wa taa, na kwenye harusi mwanamke hakai bure, atapewa beseni, ataosha vyombo, atapitisha maji ya kunawa. Studio pia, beseni lake lilikaa nyuma ya pazia lililochorwa nyumba za ghorofa na ndege. Alikuwa mama mnene kidogo, mpole, anayeegemea mguu mmoja akisimama. Nilifanya kazi naye miaka yote hiyo, nikajifunza kuona mikono ya mama mkwe wangu na shavu la jirani, lakini yeye, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu, sikumwangalia.

Alikuwa akimwomba mume wake picha. Si kwa kelele. Mkanda wa filimu ulikuwa na picha thelathini na sita, na alipoona umekaribia kuisha alisema, "Baba Ombati, na mimi?"

"Ya mwisho ni yako."

Sikumsikia akimjibu vingine. Ya mwisho ni yako. Na ikifika thelathini na tano, mteja anaingia.

Msidhani alikuwa mtu mgumu. Alifunga studio kila Ijumaa jua likitua, hata uje unalia. Lakini Sabato moja mtoto wa jirani alizidiwa na homa, na mama yake hakuwa na picha ya mtoto huyo hata moja. Mpiga picha alitoka kanisani katikati ya mahubiri, akachukua kamera. Ondieki, wakati huo shemasi kijana na mkali, alimsimamisha mlangoni. "Leo ni siku gani, ndugu?"

"Siku ambayo ng'ombe ameanguka kisimani," akajibu, akapita.

Mtoto alipona, anaendesha pikipiki sasa. Kwa hiyo Sabato aliivunja kwa ajili ya jirani. Kwa Nyanchama hakuvunja hata foleni.

Siku ya gauni la bluu nitaieleza kama ilivyokuwa. Ilikuwa asubuhi, siku isiyo ya soko. Mkanda ulikuwa umebaki na picha moja. Nyanchama alikuja kutoka nyumbani amevaa gauni la bluu ambalo sikuwa nimeliona, na kola nyeupe, amejipaka mafuta usoni, amevaa viatu vya kufunga. Alikwenda akakaa kwenye kiti mbele ya pazia, mikono juu ya magoti. Mpiga picha alimwona akacheka kwa furaha, nasema ukweli, alifurahi. Akaanza kupima mwanga. Alimwambia, "Inua kidevu. Hapo. Hapo hapo, mama."

Mlango ukabishwa. Mimi ndiye niliyefungua.

Alikuwa Nyabuto wa Birongo na mke wake Moraa na mtoto wa miezi mitatu. Nyabuto alikuwa amepata kazi ya mashamba ya chai, mbali, anaondoka saa hiyo hiyo, begi liko begani. "Mzee, tupige moja tu. Sijui nitarudi lini."

Mpiga picha akaangalia kamera, akamwangalia mke wake. "Mama, toka kidogo."

Nyanchama akainuka. Hakununa. Alisema tu, "Karibuni," akaenda nyuma ya pazia kwa beseni lake. Nyabuto akakaa pale pale, kiti kikiwa bado na joto. Picha ikapigwa haraka. Mimi nikaandika majina: Nyabuto, Moraa, na mtoto, Bochaberi.

Mkanda mpya ulikuwepo. Uliwekwa siku hiyo hiyo. Lakini Nyanchama hakuomba tena, wala gauni sikuliona tena mpaka siku tuliyomzika nalo.

Alikufa ghafla, kwa presha, akiwa anachuma chai. Mpiga picha alikuwa Nyamira kwenye harusi ya watu. Na ilipokuja kuandaliwa mazishi, picha ya kutangulia jeneza ikatafutwa nyumbani kwa mtu aliyepiga nchi nzima, na haikuwepo. Tulikung'uta kila bahasha. Mwishowe Ombati, mtoto wao wa kwanza, alipeleka kitambulisho cha mama yake mjini, picha yake ikakuzwa. Ilirudi uso mweusi, umepasuka pasuka, macho kama ya mtu aliyeshikwa akiiba. Wanawake walinong'ona. Mmoja, sitamtaja ingawa namkumbuka vizuri, alisema, "Fundi seremala analala chini."

Hiyo picha ilitundikwa sebuleni. Baada ya mwezi aliigeuza ikaangalia ukuta. "Huyo ni wa serikali," aliniambia. "Si wangu."

Kulikuwa na sanduku la filimu za zamani, ambalo angeweza kutafuta ndani yake. Alilifungua. Bati la paa lilikuwa limevuja miaka na miaka, filimu zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kama mkate uliolowa. Alijaribu kuzitenganisha kwa maji ya moto. Sura zilitoka na maji.

Halafu simu zikaja, studio ikafungwa, na macho yake yakaanza kwenda. Daktari alisema ni presha ya macho. Yalianza pembeni. Alinieleza hivyo mwenyewe, tumekaa kwenye nyasi baada ya ibada, akiniita mama mzee kwa lugha yetu: "Omong'ina, sasa naona katikati tu. Pembeni kumefungwa kama pazia. Nyasae ana mzaha, huyo Mungu wetu." Halafu akasema, "Wewe una majina yote. Wako watu ambao walichukua picha zao kabla sijakata. Hata moja. Nataka kumwona kabla hakujafungwa kote."

Nikamwambia nitatafuta. Na hapa nakiri, sikuanza kesho yake. Kulikuwa na chai ya kuchuma, mguu wangu ulikuwa unauma, Kerubo alikuwa amerudi nyumbani na watoto wake, na miezi ikapita. Nilipoanza, niliingia nyumba za watu kama mdai. "Leteni zile picha za zamani." Kwa Makori ziliungua. Kwa Bosibori zilikuwa zimekatwa vizuri, kwa makasi yale, na mwandiko wangu nyuma. Nyumba ya tatu waliniuliza kama natafuta ushahidi wa shamba.

Ndipo usiku mmoja nikakumbuka kwamba ile ya Nyabuto sikuikata. Ilirudi kutoka mjini mpiga picha akiwa safarini, Moraa akaja akaichukua, na mimi nilishika makasi nikaogopa kuharibu. Niliitoa nzima.

Bochaberi sasa ana watoto watatu, anauza mboga pale Birongo. Aliitoa chini ya godoro. Baba yake hakurudi kutoka kule kwenye mashamba, alirudishwa, na hiyo ndiyo picha pekee yenye wao watatu. Nikaangalia pembeni, nikaona gauni la bluu, nikamwomba anipe.

"Sitakupa," alisema. "Nitakwenda na wewe, aione, nirudi nayo."

Tukaenda. Kwamboka alitupokea kwenye njia akaninong'oneza, "Mama, ni wiki ya tatu sasa. Haoni hata mchana." Nilisimama pale. Wiki tatu. Kama ningeanza kabla ya kuchuma chai.

Mpiga picha alitusikia. "Huyo anayeburuta mguu ni Omong'ina wangu. Na mwingine?"

"Bochaberi wa Nyabuto, wa Birongo. Ulimpiga akiwa wa miezi mitatu."

"Simkumbuki."

"Wewe hukumbuki mtu," Ondieki akasema kutoka kwenye chai yake. "Hata mimi uliniita Makori miaka minne."

"Ulifanana na Makori."

Tukacheka, halafu nikasema, "Nimeipata."

Akanyosha mkono. Bochaberi alinitazama kwanza, halafu akampa. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, pande zote nne, polepole. "Haijakatwa. Nani aliitoa bila kukata?"

"Mimi. Ulikuwa umesafiri."

"Makasi yalikushinda?"

"Yalinishinda."

"Asante." Akanirudishia. "Mwanga unatoka wapi?"

"Kulia. Mlangoni."

"Mlango ulikuwa wazi."

"Niliufungua mimi."

Akatingisha kichwa. "Sasa niambie yeye."

Nikamwambia. Yuko kushoto kabisa, anapokwisha pazia, nusu yake imekatwa na ukingo. Gauni ni la bluu, kola nyeupe. Kemunto alikuwa ameinama begani mwangu, anatazama. Kwamboka alishika shavu.

"Uso?"

Uso haukuwepo. Kulikuwa na mgongo, na kisigino kimetoka kidogo kwenye kiatu, na mkono umeshafikia beseni. Nikamwangalia huyu mzee, uso wake umeinuliwa hivyo kwenye jua, kidevu juu, kama mtu aliyeambiwa, "Hapo hapo."

"Anakuangalia wewe," nikasema. "Anatabasamu."

Kemunto aligeuka akaniangalia. Ondieki aliangalia kikombe chake.

Mzee alishusha kidevu. "Mrudishie mwenyewe," akasema. "Huyo si wangu. Wangu aliinuka kwenye kile kiti akaenda bila kugeuka. Nilikuwa jicho liko kwenye kamera, nilimwona. Nilingoja ageuke. Nilibonyeza nikingoja."

Bochaberi alikuwa ameshanyosha mkono kuchukua picha yake. Nikaishika.

"Nimekudanganya," nikasema. "Amekupa mgongo. Ameegemea mguu mmoja, na mkono uko kwenye beseni."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

Kitu kilimpita usoni ambacho sikijui jina. "Basi ni yeye. Kila kitu alishika kwa kushoto," akasema, na akaichukua, akaiweka juu ya goti, kiganja juu yake.

Alikaa nayo mpaka chai ikapoa. Kemunto alitoa simu, akamwambia babu yake, "Sokoro, niipige, nikutolee nyingine mjini, hii arudi nayo. Naweza kuwakata hawa wengine abaki yeye peke yake. Namkuza awe mkubwa."

"Usikate," alisema.

"Lakini hawa si watu wetu—"

"Usikate mtu."

Bochaberi akalia hapo, akiwa amesimama. Alirudi Birongo na picha yake. Nakala iliyotolewa mjini iko kwenye mfuko wa kushoto wa shati la mzee, mahali filimu zilipokaa. Sijapanda tena kule. Mguu haukubali, na kusema kweli naogopa kuulizwa ni nini kingine nilichokiona.

Nimeandika haya kama yalivyobaki kichwani. Kama nimekosea, kama ulikuwa mkono wa kulia, kama Nyabuto alikuwa na begi mkononi na si begani, kama Ondieki anasema hakumwita mtu yeyote ndugu, niambieni, nitaandika upya. Polepole, lakini nitaandika. Na wewe mwenye picha ya zamani kutoka Keumbu, yenye majina ya penseli nyuma na herufi zilizopinda, hizo ni zangu. Angalia pembeni. Ukimkuta mama na beseni, utaona kwamba sikumwandika. Muongeze hapo. Ni Nyanchama.